Kisanduku cha Moyo na Maji

Kama kuna mtu aliyewahi kulipwa mshahara kwa kujua nani anapenda kukaa karibu na nani, ni huyu tunayemsimulia hapa, na bado chakula cha mchana alikula peke yake. Pale kituoni, kwenye jengo la utafiti la ghorofa tatu lenye ngazi zinazonuka dawa ya sakafu, walimwita Nukta. Jina lilikuwa na asili mbili. Kazi yake yote ilionekana kwenye skrini kama nukta nyekundu na za kijani zinazosukumana, hiyo ni moja. Ya pili, kila alipoona amewaeleza watu vya kutosha, alisema "nukta" na kufunga mdomo, akiamini ubishi umekwisha. Wenzake walimpisha, wakaendelea kubishana bila yeye.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza, ingawa Nukta aliifanya iwe ngumu kila alipoulizwa. Chukua seli za moyo wa kifaranga aliye bado ndani ya yai, chukua na seli za ini lake, zitenganishe mojamoja, kisha zichanganye kwenye sahani ndogo yenye maji ya kuzilisha. Hazikai zimechanganyika. Hakuna anayeziongoza, lakini baada ya siku mbili utazikuta zimejipanga zenyewe: aina moja imejikusanya katikati, nyingine imeizunguka. Nukta alikuwa mtu wa hesabu na hakuwahi kugusa seli maishani mwake. Alichofanya ni kuiambia kompyuta kila seli inakerwa kiasi gani na jirani yake. Moyo ukigusana na moyo, alama kadhaa za karaha. Moyo na ini, alama kadhaa. Ini kwa ini, vivyo hivyo. Kisha kila moja na maji yanayoizunguka. Alama hizo zilikaa kwenye jedwali la visanduku vitano, na alilijaza kwa vipimo alivyoletewa kutoka maabara ya chini. Kompyuta ilizisogeza seli kidogokidogo, mara maelfu kwa maelfu, na kila ilipoona karaha ya jumla imepungua, iliziacha hapo. Mkewe alipoelezwa haya kwa mara ya kwanza, alisema ni kama kupanga wageni wa harusi mezani. Nukta alinuna siku mbili, kwa sababu mfano huo ulikuwa mzuri na haukuwa wake.

Matokeo yake yalikuwa filamu ya dakika moja na nusu. Nukta za kijani, ambazo ni ini, zilijikusanya katikati, na nyekundu za moyo zikazizunguka kama ushanga. Mkurugenzi aliipenda hadi akaamuru iwekwe kwenye skrini kubwa ya mapokezi, ijirudie kutwa nzima. Tangu siku hiyo Nukta alipata shughuli nyingi mapokezi. Alikwenda kuuliza kama kuna barua yake. Alikwenda kuangalia saa ya ukutani, na mkononi alikuwa amevaa saa. Katika mwezi mmoja aliazima stepla mara kumi na moja, na mezani kwake hakukuwa na karatasi mbili zinazostahili kubanwa pamoja.

Kisha Shangazi akamaliza jaribio lake.

Shangazi alikuwa fundi wa maabara ya chini, na hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Waliomwita hivyo walimaanisha ule ukali wa dada wa baba, anayekupenda na asiyekuonea haya. Nukta alimzidi miaka minne na bado alimwogopa. Maabara yake ilikuwa hatua sita kutoka mapokezi, safi hata ukasikia vibaya kupumua ndani yake, na ilikuwa na sheria moja iliyobandikwa kwenye mlango wa friji: chupa isiyo na jina inamwagwa saa kumi jioni. Neno "tafadhali" halikuwemo. Aliwahi kumwaga kazi ya wiki tatu ya mtafiti mgeni, na mgeni alipoangua kilio, Shangazi alimletea kiti, akampa leso, kisha akampa kalamu.

Yeye ndiye aliyechanganya seli halisi kwenye sahani halisi, kumi na mbili kwa jumla, ili kuona kama filamu inasema kweli. Katika sahani zote kumi na mbili, moyo ulikaa ndani na ini likakaa nje, kinyume kabisa cha filamu.

Mtu mwingine angejiuliza. Nukta alicheka, tena kile kicheko cha puani. Alijua mara moja kilichotokea: kabla ya kupakwa rangi, seli za moyo na za ini zote ni nyeupe, huwezi kuzitofautisha kwa macho, kwa hiyo Shangazi alikuwa amebadilisha vichupa bila kujua. Alikaa akamwandikia Mkurugenzi barua ya aya mbili. "Kuna uwezekano mkubwa kwamba vichupa vilibadilishana," aliandika, "na ninapendekeza umakini wa mhusika uangaliwe." Neno "mhusika" lilimfurahisha. Aliona ni la kiungwana, maana halikutaja jina la mtu.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, Mkurugenzi alimsimamisha kwenye ngazi. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, aliyeogopa karatasi kuliko wengine wanavyoogopa mbwa.

"Daktari, ile barua yako imeniweka pabaya," alisema. "Mkataba wa fundi wetu unaisha mwisho wa mwezi. Alhamisi ijayo tunakaa kikao cha kuuendeleza, na kanuni inasema kukiwa na lalamiko la maandishi kwenye faili, mkataba hauendelezwi."

"Hauendelezwi vipi?"

"Anaondoka. Miaka kumi na mmoja, maskini. Lakini wewe umesema vichupa vilibadilishana, na wewe ndiye mtaalamu."

Nukta alibaki ameshika reli ya ngazi. Alitaka kushinda ubishi, hakutaka mtu akose kazi. Roho ilimuuma kweli, tusimnyime hilo. Ila hata roho ilipokuwa ikimuuma, kichwa chake kilishaanza kutafuta njia ya kutoka humo akiwa bado amependeza. Angeshuka maabara, angeliona kosa kwa macho yake, angethibitisha kwamba ni kosa dogo la kibinadamu, kisha kwenye kikao angesimama kumtetea. Alijiona kabisa akimtetea, mkono mmoja mfukoni, na watu wakitikisa vichwa kwa jinsi alivyo na moyo mkubwa.

Ijumaa asubuhi alishuka akiwa na shati lililopigwa pasi. Shangazi alikuwa anafuta meza kwa spiriti.

"Shikamoo," Nukta alisema, ulimi ukiwa umemtangulia.

Shangazi aligeuka akamtazama. "Wewe ndiye mkubwa," alisema. "Umekuja kunichunguza au umekuja kusaidia?"

"Nimekuja kujifunza tu, Shangazi."

"Barua yako nimeisoma. Niliitwa niisaini kwamba nimeiona."

Nukta alinyoosha kola ya shati. "Haikutaja jina," alisema.

"Humu ndani tuko mimi na friji. Ulimkusudia nani?"

Shangazi hakungoja jibu. Alimtupia koti jeupe lililoshonwa kwa ajili ya mtu mwembamba, akavuta kiti mbali na meza, akakaa. "Utafanya kila kitu kwa mkono wako," alisema. "Mimi nakaa hapa, mikono mapajani. Itazame. Sitaki uniandikie ya pili."

Basi mtaalamu wa seli akaanza kufanya kazi na seli. Pipeti ya kwanza, kile kibomba cha kunyonyea maji, ilivuta hewa na kutoa mapovu. Ya pili ilidondoka, ikabidi itupwe. Koti lilimbana makwapani, jasho jembamba likamtoka. Vichupa, hata hivyo, hakufanya navyo mchezo. Aliandika MOYO kwenye kimoja na INI kwenye kingine, kwa herufi kubwa, akavisoma kwa sauti mara tatu kabla ya rangi na mara tatu baada ya rangi. Moyo nyekundu, ini kijani. Shangazi alitazama ukuta kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri mvua ikatike.

Saa kumi kasoro alitoka nje kupokea simu ya mkewe. Aliporudi, chupa kubwa ya maji aliyoyaandaa haikuwepo.

"Iko wapi chupa yangu?"

"Haikuwa na jina," Shangazi alisema. "Nimemwaga."

"Lakini yalikuwa maji tu."

"Maji tu?" Shangazi alirudia, akamkazia macho kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili chupa ya maji. "Hayo maji yana sukari, yana chumvi za aina nne, yana damu ya ndama iliyochujwa. Seli zinaishi humo. Tengeneza mengine."

Ilimchukua saa nzima. Alipomaliza, aliandika jina pande zote mbili za chupa na juu ya kifuniko, akachanganya seli zake kwenye sahani sita, akaziingiza kwenye kabati la joto. Alikwenda nyumbani mgongo ukimuuma, na mwisho wa wiki wote aliwasimulia watoto wake mapacha jinsi kazi ya maabara ilivyo nyepesi.

Jumatatu saa tano walifungua kabati pamoja. Nukta aliiweka sahani ya kwanza chini ya hadubini, akainama. Akaenda sahani ya pili, ya tatu, hadi ya sita, kisha akarudi ya kwanza kana kwamba ingekuwa imejirekebisha. Katika kila sahani nyekundu ilikuwa ndani na kijani nje. Moyo umekaa katikati, umetulia, ini limeuzunguka.

Sasa msomaji angedhani hapo ndipo alipoelewa. Hapana. Nukta alinyanyuka, akavua miwani, akasema kwa unyenyekevu mkubwa: "Kwa hiyo na mimi nimebadilisha vichupa."

Ndivyo alivyokuwa mtu wetu. Kuamini kwamba yeye ni mzembe, mbele ya shahidi, kwa mkono wake mwenyewe, lilikuwa jambo rahisi kwake. Kuamini kwamba jedwali lake lina kosa, hilo halikumpitia akilini.

"Hukubadilisha," Shangazi alisema. "Uliandika ukasoma kwa sauti mara sita. Mpaka leo nakusikia." Alifunga kabati taratibu. "Hebu niambie kitu. Huko kwenye kompyuta yako, hizi seli zangu zinaogelea kwenye nini?"

"Kwenye maji."

"Na moyo unakerwa kiasi gani na hayo maji?"

"Hilo si ulipima wewe? Ulinipa jedwali."

Shangazi alivuta droo, akatoa daftari lake lenye jalada la nailoni, akafungua ukurasa wa miezi minane nyuma. Vipimo vinne vilikuwa vimeandikwa. Kisanduku cha tano, cha moyo na maji, kilikuwa kitupu, na chini yake kulikuwa na maneno kwa mwandiko wake wa kusimama: kisanduku hiki kisubiri, napima upya, uje uchukue jibu. "Nilikutumia hivihivi kama unavyoona," alisema.

Nukta alikumbuka. Jedwali alilinakili lote. Maneno ya chini aliyaacha, kwa sababu kompyuta haili maneno. Na kompyuta, ikikutana na kisanduku kitupu, haiulizi mtu. Inasoma sifuri na kusonga mbele. Miezi minane moyo wake wa kwenye skrini ulikuwa haukerwi na maji hata chembe, ndiyo maana ulikimbilia nje kuyakumbatia.

"Jibu ulilipata?" aliuliza, sauti ikiwa imemshuka.

"Kumi na tisa. Kuliko vyote. Moyo hautaki maji kabisa."

"Kwa nini hukuniletea?"

"Nilikuandikia uje uchukue," Shangazi alisema. "Ukaja hapo mapokezi kuchukua stepla."

Alimwandikia ile namba kwenye kipande cha plasta ya kuandikia chupa majina, akambandikia mgongoni mwa mkono. Nukta alipanda ngazi mbiombio, mbilimbili, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu akiwa mwanafunzi. Aliandika kumi na tisa kwenye kisanduku kitupu na kubonyeza. Nukta nyekundu zilihangaika kidogo pembeni, zikaanza kurudi ndani, zikasukumana na kijani, zikapita. Ilipofika saa sita kasoro dakika kumi, moyo ulikuwa umekaa ndani, umezungukwa na ini, sawa kabisa na sahani zote kumi na nane, za Shangazi na zake.

Aliona aibu hadi masikio yakawaka. Kumbe hakuna kichupa kilichobadilika. Kumbe mhusika alikuwa yeye.

Kilichotakiwa kufanyika baada ya hapo ni kushuka ngazi. Zilikuwa ngazi thelathini na nne. Nukta alifika mlangoni kwake, akashika kitasa, akafikiri. Akishuka sasa, atashuka na aibu tupu mkononi. Akisubiri mpaka Alhamisi, atakuja na aibu pamoja na filamu mpya, na filamu mpya itakuwa nzuri hivi kwamba aibu haitaonekana sana. Zamu yake kikaoni ilikuwa ajenda ya tano. Angesimama, angeonyesha, angesema "tumegundua", na neno "tumegundua" lingewabeba wote wawili. Kwa Shangazi ingekuwa nafuu ileile, siku tatu tu baadaye. Aliyapima hayo kwa makini, akayaona yana mantiki, akarudi kukaa. Woga ukivaa suti ya mantiki, mtu mwenye shahada tatu hautambui.

Jumanne alianza kuingia kazini kwa mlango wa nyuma, ule wa mapipa, ili asipite mbele ya maabara. Jioni, mapacha wakifanya kazi za shule kwenye kochi, aliandika barua ya kuifuta ile ya kwanza, akampa mkewe aisome. Mkewe alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, na kitu chochote chenye maandishi, hata karatasi ya dawa, alikisoma akiwa na penseli.

"'Kufuatia mapitio ya kina ya vigezo vya kimsingi,'" mkewe alisoma, "'imebainika kuwa tofauti za awali zilichangiwa na hali ya mfumo.' Baba Mapacha, nani alifanya nini hapa?"

"Ni lugha ya kitaalamu."

"Mimi nauliza nani alifanya nini." Penseli ikapita juu ya mstari wa kwanza, ikapita juu ya wa pili. "Hapa unasema kompyuta ilisoma sifuri. Kompyuta imeajiriwa?" Ikapita. "Hapa unamshukuru fundi kwa ushirikiano wake. Anafukuzwa kazi kwa sababu yako, unamshukuru kwa ushirikiano." Hapo penseli ilikaribia kutoboa karatasi.

Ilipofika mwisho wa ukurasa, yalikuwa yamebaki maneno machache yaliyotawanyika. Mkewe aliyaunganisha kwa mishale, akaongeza lake moja au mawili, akayaandika upya chini, kwa mwandiko safi: Nilikosea mimi. Fundi alikuwa sahihi tangu mwanzo.

"Ni fupi mno," Nukta alisema. "Haijazi hata robo ya karatasi."

"Umeshamwambia mwenyewe?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nasubiri filamu iishe."

Mkewe aliweka penseli mezani, akamtazama kwa namna ambayo haikuhitaji kusahihishwa. "Moyo unakaa ndani," alisema. "Hilo hata hawa watoto wangekuambia." Kisha akaenda kuwaangalia mapacha, na Nukta akabaki na karatasi yake.

Jumatano aliitumia yote kwenye filamu. Alichagua nyekundu yenye joto zaidi. Aliongeza maji ya samawati nyuma, yenye mawimbi, ingawa maji ya sahani hayana mawimbi. Aliongeza mshale. Saa tisa alasiri alisikia sauti ya Shangazi chini kwenye ngazi, akiongea na mfagiaji, naye Nukta alinyanyuka polepole akafunga mlango wake bila kutoa sauti.

Alhamisi saa nne asubuhi walikaa chumba cha mikutano, watu tisa kuzunguka meza ndefu. Walikaa kama walivyozoea, watafiti upande wa dirisha, utawala karibu na Mkurugenzi, na Nukta pembeni kabisa, jirani na mtungi wa maji ya kunywa. Hakuwahi kuliona hilo mpaka siku hiyo. Shangazi alikaa peke yake ng'ambo ya meza, mikono mapajani, vilevile kama alivyoiweka Ijumaa ili itazamwe.

"Ajenda ya kwanza," Mkurugenzi alisema bila kuinua macho, "mkataba wa fundi wetu. Kwa masikitiko, kuna barua kwenye faili, na kanuni mnaijua. Naomba niisome ili iingie kwenye kumbukumbu."

Akaanza kuisoma. Nukta hakuwahi kuisikia barua yake ikisomwa na mtu mwingine. Kila neno aliloliona la kiungwana lilitoka limevaa sura ya uchongezi. Ilipofika "umakini wa mhusika", watu wawili walimtazama Shangazi kisha wakatazama meza. Shangazi hakutazama popote. Ajenda ya tano ilikuwa mbali, na Nukta alielewa, kwa kuchelewa kama kawaida yake, kwamba watakapofika huko hakutakuwa na mtu wa kutetewa.

Alisimama. Mkono mmoja ulitafuta mfuko, ukaukosa.

"Kisanduku cha maji kilikuwa kitupu," alisema.

Watu wote walimgeukia. Hakuna aliyeelewa. Mtu mmoja wa utawala aliutazama mtungi.

"Namaanisha," Nukta alisema, akakwama, akatoa karatasi ya mkewe mfukoni, ikiwa bado na mistari ya penseli na mishale. "Nilikosea mimi. Fundi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Vichupa havikubadilishwa. Niliacha kipimo chake nje ya hesabu, halafu nikaandika barua kumlaumu yeye."

Mkurugenzi alishusha pumzi ndefu. Alikuwa mtu mwema, naye aliona mlango wa kumtoa kila mtu salama, akaufungua kabisa. "Kumbe. Haya, si vibaya, wataalamu huwa mnagundua vitu ghafla. Bila shaka umegundua leo asubuhi, ukatuwahi."

Ilikuwa zawadi. Nukta alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa, wala si kusema. Alimtazama Shangazi. Shangazi alikuwa ameinua macho kwa mara ya kwanza tangu waingie, na hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anasubiri tu, jinsi anavyosubiri sahani itoke kwenye kabati.

"Jumatatu," Nukta alisema. "Saa sita kasoro dakika kumi."

"Jumatatu?" Mkurugenzi aliuliza. "Siku tatu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natengeneza filamu."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mkurugenzi aliomba ile karatasi, akaisoma pande zote mbili akitafuta iliyobaki. "Ni fupi," alisema.

"Imesahihishwa," Nukta alisema, akakaa.

Barua ya kwanza ilifutwa, mkataba ukaendelezwa miaka mitatu, na ajenda ya tano haikufikiwa. Filamu mpya, pamoja na mawimbi yake, haijaonekana na mtu mpaka leo. Ya zamani aliizima mwenyewe alipopita mapokezi, na tangu hapo skrini ile inaonyesha namna ya kutoka nje moto ukizuka.

Saa nane mchana alishuka ngazi zote thelathini na nne. Juu ya meza ya Shangazi kulikuwa na boksi, na ndani yake aliona kikombe, kandambili, sweta na ile sheria ya friji iliyobanduliwa kwa uangalifu. Shangazi alikuwa anavitoa kimoja kimoja, anavirudisha mahali pake.

"Nisamehe, Shangazi."

Aliendelea kupanga. "Kukosea, kila mtu anakosea," alisema hatimaye. "Mimi mwenyewe nimeua seli nyingi humu. Hilo la jedwali sina nalo shida." Alikitua kikombe. "Lakini Jumatatu nilikusikia ukikimbia kupanda. Nikasema, ameona. Nikawasha birika, nikatoa vikombe viwili, nikakaa nikikusubiri ushuke. Nilikusubiri mpaka saa kumi. Siku ya pili nikaja na boksi."

Nukta alitamani akemewe, lakini Shangazi alibandika tu sheria yake upya kwenye mlango wa friji, akailainisha kwa kiganja, kisha akafungua kabati la makoti na kumpa lile koti jembamba.

"Kuanzia leo maji ya seli utatengeneza wewe," alisema. "Kila Alhamisi. Zikifa, tutajua nani."

Alitengeneza. Alipima sukari, chumvi nne na damu ya ndama, akachuja, akajaza chupa, wala hakutoka kupokea simu. Alipomaliza, alichukua kipande cha plasta na kalamu, akaandika NUKTA, jina ambalo hakuwahi kujiita mwenyewe, akaongeza tarehe, akabandika, akampa Shangazi.

Shangazi aliisogeza chupa kwenye mwanga, akaisoma, akamrudishia pamoja na kalamu.

"Andika na saa," alisema.